Rekodi Inatumiwa na Mwingine

Printa ilisema haina karatasi, na karatasi zilikuwa zimejaa mpaka kifuniko kikagoma kufunga.

Onyancha hakushtuka. Mtu aliyelishwa na kompyuta kwa miaka tisa hashtushwi na printa. Alikipiga kifuniko kofi, akabonyeza kitufe, ratiba ikatoka, akaipeleka kwenye faksi huku akipiga mluzi. Ilikuwa Jumatatu, saa nane na dakika ishirini mchana, mwezi wa Mei mwaka 2003, katika ofisi ya vyumba vitatu pale Richardson, kaskazini ya Dallas. Mwenye ofisi alikuwa Kathure, muuguzi kutoka Meru ambaye alichoka kutumwa, akaanzisha kampuni ya kutunza wazee majumbani mwao ili naye atume wengine. Wafanyakazi wake walikuwa Wakenya, Wakongomani na Watanzania wachache, na wazee wake walitapakaa kutoka Dallas mpaka Houston. Kilichowakutanisha wafanyakazi na wazee ni programu moja, ambayo Onyancha aliiandika kwa mkono wake na kuipenda kuliko baadhi ya ndugu zake wa Kisii.

Kila mchana programu ile ilichapa ratiba ya siku: nani aende kwa mzee yupi, saa ngapi. Ratiba ikikosea, kuna mzee atakayeshinda bila chakula na bila kugeuzwa kitandani. Kwa hiyo kosa dogo pale halikuwa dogo.

Jumanne, saa nane na dakika ishirini, kompyuta ikasema diski imejaa. Onyancha akaangalia, nusu yake ilikuwa tupu. Jumatano ikasema faili la wafanyakazi halipo, nalo lipo, linamkodolea macho. Alhamisi ikasema kumbukumbu haitoshi. Asubuhi aliijaribu programu mara ishirini, ikaenda kama maji mteremkoni. Ikifika saa ile, inazua jambo. Akabadilisha waya wa printa, akabadilisha printa, akabadilisha hata meza.

"Sasa imekwambia nini leo?" Kathure aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Ati memory haitoshi, Madam. Inanidanganya tu."

"Na wewe unajuaje inakudanganya?"

"Hizi message hudanganya kila siku. Kosa linalotajwa silo kosa lenyewe. Ni kama mtoto siku ya mtihani, anakwambia tumbo linauma. Ukimpa dawa ya tumbo umeumia wewe."

Kathure alicheka, na Onyancha naye akacheka, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa dini yake kazini. Alikuwa amewafundisha watu wengi msemo huo. Mazoea yana taabu, na aliyezoea kudanganywa haisikii kweli hata ikibisha hodi.

Ijumaa kompyuta haikulalamika. Ratiba ilitoka yenyewe kabla hajabonyeza chochote, na ilipotoka alisikia harufu. Haikuwa harufu ya wino. Ilikuwa harufu ya matope, ya zulia lililolowa likaachwa ndani ya gari lililofungwa madirisha. Dallas ilikuwa haijaona mvua wiki tatu. Aliinua karatasi, akaona katikati ya mistari mstari ambao hakuna aliyeuingiza: Clothilde, kwa mzee Whitlock, Sugar Land.

Clothilde alikuwa mama wa Kikongomani kutoka Bukavu, aliyeajiriwa mwezi wa Januari. Aliishi Vickery Meadow, kwenye yale maghorofa ya wakimbizi, akienda kazini kwa treni na basi, maana gari hakujua hata kulifungua mlango wa mbele. Sugar Land iko upande wa pili wa Houston, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari. Na mzee Whitlock hakuwa mteja wao tena tangu miaka miwili iliyopita.

Kathure alipouona mstari ule alisema programu imelewa. Onyancha aliukata kwa kalamu. Mtu wa mwisho kupangiwa mzee Whitlock alikuwa Dorothea, na Dorothea alikuwa amekufa.

Dorothea alikuwa Mhaya wa Bukoba, mchapa kazi, mwenye adabu hata kwa simu. Kila sentensi yake aliifunga kwa neno la kwao, "waitu," kama mtu anayefunga kikapu kwa uzi ule ule. Juni mwaka 2001, siku ya mafuriko makubwa ya Houston, alitoka na gari kwenda kwa mzee Whitlock, maji yakamkuta chini ya daraja la barabara. Mzee mwenyewe hakuwepo. Binti yake alikuwa amemhamishia Austin asubuhi ile. Kampuni ilichanga, maiti ikarudishwa nyumbani, na Onyancha akaingia kwenye programu akaifuta rekodi namba 117.

Ila kwenye programu za aina ile, kufuta si kuondoa. Rekodi ikifutwa hutiwa alama tu, kama nyumba ya kando ya barabara inayopigwa X nyekundu ya kubomolewa huku wenyewe bado wamo ndani wanapika. Kuiondoa kabisa kunataka amri nyingine, na amri hiyo Onyancha hakuitoa. Clothilde alipoajiriwa, Onyancha hakumfungulia rekodi mpya. Aliichukua ile yenye alama, akaifuta alama, akaandika jina la Clothilde juu ya jina la Dorothea. Alijisifu kwa tabia hiyo. "Mimi sipotezi namba," alikuwa akisema.

Jumatatu iliyofuata Clothilde alikuja ofisini kuchukua glavu. Alikuwa amekonda ghafla, na viatu vyake viliacha alama za maji kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, ingawa nje jua lilikuwa linakaanga magari.

"Papa Onyancha," alisema kwa sauti ya chini, "mi sijue nini iko nanifanya. Kila siku minaota mayi. Minaota niko ndani ya motokari, mayi inapanda, na mi iko naendesha. Na mi sijue kuendesha."

"Ni uchovu, Dada Clothilde. Umefanya shifti nyingi."

"Pengine." Aliangalia mikono yake iliyojipanga mbele yake kana kwamba imeshika usukani. Kisha akasimama, akachukua boksi la glavu, na alipofika mlangoni akageuka na kusema taratibu, kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha Bukavu, "Nashukuru sana kaka Onyancha, ubaki salama, waitu."

Onyancha alikaa mbele ya kompyuta mpaka skrini ikajizima. Aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia hilo. Kwao Kisii mtoto hupewa jina la aliyekufa, ili aliyekufa apate pa kukaa. Ni jambo jema, hufanywa na wazee kwa heshima, na mtoto hukua akiambiwa yeye ni nani. Sasa yeye, kwa uvivu wa kutofungua rekodi mpya, alikuwa amefanya jambo lile lile kwa kibodi, bila heshima, bila kuwauliza walio hai wala wafu.

Akaamua kulitengeneza kimyakimya. Akaifungua rekodi 117 ili amtoe Clothilde na kumpa namba nyingine. Kompyuta ikasema: Rekodi inatumiwa na mwingine.

Aliuliza kama kuna mtu yumo kwenye programu. Kathure alikuwa benki, na dada wa mapokezi alikuwa anakula. Akazima kompyuta ya Kathure, akazima ya mapokezi, akachomoa waya zilizoziunganisha, akabaki na yake peke yake kama kisiwa. Akajaribu tena. Rekodi inatumiwa na mwingine. Na katika utulivu ule wa mashine zilizozimwa akasikia, karibu sana, sauti ya vipanguzi vya kioo cha gari vikienda na kurudi, vikienda na kurudi, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Jumapili Clothilde alizidiwa. Kathure alimchukua Onyancha wakaenda Vickery Meadow baada ya kanisa, wakawakuta akina mama wa maombi wamejaa sebuleni, viatu vyote mlangoni. Aliyeongoza alikuwa Mama Annonciata, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha ghorofa tatu, ambaye siku ile alisema kwa kunong'ona. Clothilde alilala kwenye mkeka, nywele zimelowa. Walishazikausha kwa taulo mara nne.

"Kwa jina la Yesu," Mama Annonciata alisema, "wewe mwenye kuingia kwa mwili wa huyu mama, wewe ni nani? Taja jina."

Clothilde hakufungua macho. "Mia moja kumi na saba," alisema.

Akina mama wakatazamana. Mmoja akaanza kulia kwa furaha, akisema Roho ametaja Zaburi. Wakaifungua Biblia, wakaisoma Zaburi ya 117, ile fupi kuliko zote, mistari miwili tu ya kumsifu Bwana. Wakaiimba, wakaisoma tena, wakasema Bwana amejibu. Clothilde akakaa, akanywa chai, na kila mtu akashukuru. Onyancha peke yake ndiye aliyekuwa kajiinamia karibu na viatu, akijua kwamba roho haikutaja Zaburi yoyote. Iliulizwa jina, ikataja jina pekee ililoachiwa.

Angeweza kusema pale. Kinywa alikuwa nacho. Lakini akisema namba, ataulizwa rekodi. Akisema rekodi, ataulizwa ratiba. Na ratiba ya siku ile ya mafuriko ndiyo ambayo kwa miaka miwili alikuwa ameizungushia ukuta. Kathure aliamini kwamba Onyancha alimtumia Dorothea ratiba mpya na Dorothea hakuisoma. Ndivyo Onyancha alivyomwambia. Na ndivyo Kathure, kwa nia njema, alivyomwambia mama mzazi kule Bukoba: mwanao hakuisoma karatasi. Mama yule alikuwa mwalimu mstaafu. Alijibu neno moja tu kwenye simu, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Dorothea kusoma. Kathure alilirudia neno hilo ofisini akilia, na Onyancha akampa kitambaa.

Basi akanyamaza tena.

Ijumaa ya kwanza ya Juni, Clothilde alikuja kuchukua glavu asubuhi saa nne. Alisalimia vizuri, akaketi kwenye mapokezi. Robo saa baadaye kiti kilikuwa tupu, na chini yake kidimbwi cha maji ya rangi ya kahawa. Kathure alitafuta funguo za gari lake mezani, hazipo. Wakatoka nje. Gari halipo. Simu ya mkononi ya Kathure ilikuwa imebaki ndani ya gari ikichaji.

"Onyancha, huyu mama hajui ku-drive."

"Najua, Madam."

"Sasa nani ame-drive?"

Walipiga simu ile ya garini mara kumi, ishirini, hamsini. Iliita bila kujibiwa. Polisi walipewa namba za gari. Redio ya mapokezi ilisema mvua kubwa imeanza kusini, kuanzia Huntsville mpaka Houston, na madereva wajihadhari na barabara za chini ya madaraja. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Faksi iliyokuwa imezimwa ikaanza kupumua. Harufu ya matope ikaja ikakaa katikati ya chumba, nzito, mpaka Kathure akafunika pua kwa kitambaa na kuuliza kwa sauti ndogo kama bomba limepasuka. Onyancha alikuwa anatazama saa ya ukutani ikisogea kuelekea dakika ile anayoijua, na moyoni alikuwa anaomba kama mtoto, ipite, ipite safari hii tu, na huku akiomba alijua vizuri kwamba dakika ile haikustahili kuombewa ipite, ilikuwa lazima ifike.

Saa nane na dakika ishirini skrini ikawaka yenyewe. Ratiba ikaanza kujichapa, mstari mmoja tu, Clothilde, mzee Whitlock, Sugar Land, kisha mstari ule ule, kisha ule ule, karatasi ikamiminika sakafuni. Na simu ya mezani ikalia.

Kathure akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, ili wote wasikie. Kwanza zilisikika mvua na vipanguzi, vikienda na kurudi. Kisha sauti ikaja. Ilikuwa sauti ya Clothilde, lakini maneno hayakuwa yake, na Onyancha aliyajua yote kabla hayajatamkwa.

"Kaka Onyancha, habari za kazi, waitu. Samahani kukusumbua. Huku mvua imechafuka, maji yanaanza kufunika barabara. Ratiba niliyopata kwa faksi inasema niende kwa mzee Whitlock. Hebu niangalizie kwenye kompyuta, bado niende?"

Kathure alikaa chini polepole. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

Maneno hayo yalisemwa miaka miwili iliyopita, saa nane na dakika ishirini, kwenye simu hiyo hiyo. Siku ile Kathure alikuwa chumbani kwake anabadilisha rekodi ya mzee aliyehamishwa, dakika ile ile ambayo Onyancha alikuwa anachapa. Kompyuta ikamwambia Onyancha: Rekodi imebadilishwa na mtumiaji mwingine. Chini yake vitufe viwili, Acha na Puuza. Akasema moyoni hizi message hudanganya kila siku. Akabonyeza Puuza. Ratiba ya zamani ikatoka, ikaenda kwa faksi, na Dorothea alipopiga kuuliza, kwa adabu yake yote, Onyancha hakuangalia upya. Alimwambia, kompyuta inasema uende. Akaenda.

Sasa vitufe vilikuwa mbele yake tena. Rekodi inatumiwa na mwingine. Acha. Puuza. Wiki tatu alikuwa ameiita mashine ile mwongo, na haikuwa imemdanganya hata siku moja. Karatasi ya ratiba mpya haikuwepo, diski ilijaa aliyefutwa bila kuondolewa, kumbukumbu haikutosha. Faili la mtu mmoja halikuwepo. Rekodi ilikuwa inatumiwa na mwenyewe.

"Kaka Onyancha? Bado niende?"

"Usiende," alisema. "Usiende, Dorothea. Simama hapo ulipo. Mzee hayupo, alihamishwa asubuhi. Karatasi uliisoma vizuri. Karatasi ndiyo ilikuwa mbaya, na mimi nilionyeshwa, nikapuuza. Ratiba mpya sikukutumia. Niliwaambia watu nilikutumia. Nilidanganya."

Hakuthubutu kumtazama Kathure. Kwenye simu mvua iliendelea kunyesha.

"Mwambie mama," sauti ilisema.

"Nitamwambia."

"Leo, waitu."

"Leo."

Vipanguzi vikasimama. Ikasikika pumzi ya mtu anayeamka, kisha kikohozi, kisha kilio kidogo cha woga. "Papa Onyancha? Mama Kathure? Niko wapi huku? Niko ndani ya motokari ya mama. Imesimama. Mbele iko mayi tu, barabara imeisha, iko daraja na mayi mingi chini yake. Mi sijue kuendesha. Banisaidie."

"Usiguse kitu, mama," Kathure alisema, machozi yakimtoka. "Kaa hapo hapo. Tunatuma watu sasa hivi."

Onyancha alibonyeza Acha. Akaifungua rekodi 117, nayo ikafunguka bila neno. Akaandika Dorothea, herufi moja baada ya nyingine, na mahali pa kazi akaacha wazi. Clothilde akamfungulia rekodi yake mwenyewe, mpya, mwisho kabisa wa faili. Printa ikanyamaza. Ile harufu ikapungua mpaka ikabaki ya wino na chai iliyopoa.

Kathure alipomaliza kuongea na polisi wa kule, alimgeukia. Hakumfokea, na Onyancha angefurahi kama angefokewa.

"Ulinifanya nimwambie mama wa watu uongo," alisema. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kupigia simu nje, akaiweka juu ya kibodi. "Piga. Na mimi nikiwa hapa."

Kule Bukoba ilikuwa usiku, saa nne na nusu. Onyancha alijiambia mwalimu mzee atakuwa amelala, pengine simu haitapokelewa, pengine ataahirisha mpaka kesho. Ikapokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Shikamoo mama," alisema. "Samahani kwa usiku. Natumaini sijaamsha nyumba nzima. Uko na nani?"

"Marahaba. Hujaamsha mtu, baba. Niko mwenyewe. Tangu alipoondoka niko mwenyewe." Sauti ya mwalimu ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliyekwisha kuketi. Nyuma yake, katika nyumba ile ng'ambo ya bahari, Onyancha alisikia tone la maji likidondoka sakafuni, kisha jingine. "Wewe ndiye yule wa kompyuta."

"Ndiye mimi, mama. Nina neno la kukwambia."

"Sema, baba," mwalimu alisema. "Tunakusikiliza."